Wembe wa kukunja na hesabu ya makali

Wapenzi wa wembe wa kukunja, ule wa kizamani ambao chuma chake hufichwa ndani ya mpini, hutetea matumizi yao kwa hoja moja kubwa: unanunua mara moja, unanyoa maisha yako yote. Wanaowapinga hutazama rafu yenye nyembe kumi, vinoo vinne na brashi tatu, kisha huuliza akiba yenyewe iko wapi. Kila upande una haki yake, ila wote huhesabu bei ya wembe na kusahau makali. Fedha nyingi huenda huko: kuyapata makali, kuyatunza, na kuyarudisha yanapopotea.

Hoja ya akiba ndiyo inayowavuta wengi, kwa hiyo ipimwe kwanza. Inapendeza pale wembe unapolinganishwa na mashine za vichwa vya plastiki vyenye nyembe tatu hadi tano, ambazo vichwa vyake ni ghali na huchakaa upesi. Lakini kuna mshindani wa tatu anayeachwa nje ya hesabu: mashine ya chuma inayobeba wembe mwembamba wenye makali pande mbili, aina ambayo King C. Gillette alipewa hataza yake Marekani mwaka 1904. Wembe mmoja wa namna hiyo hunyoa vizuri mara 4 au 5. Anayenyoa kila siku atatumia kati ya 73 na 91 kwa mwaka, hivyo pakiti ya 100 inamtosha na nyingine kubaki. Sasa chukua bei ya wembe mzuri wa kukunja, ongeza mkanda wa ngozi na kinoo kimoja, halafu gawanya kwa bei ya pakiti hiyo. Jibu ni idadi ya miaka itakayopita kabla senti ya kwanza haijaokolewa, na kwa kawaida ni mingi mno. Anayetafuta akiba peke yake anunue mashine hiyo na asiguse wembe wa kukunja.

Hoja ya kudumu ina uzito zaidi. Nyembe zilizofuliwa Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani, katika karne ya 19 bado zinanyoa leo, kwa kuwa kila kunoa huondoa chuma kidogo sana. Lakini kudumu kwa wembe si kudumu kwa makali. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT walionyesha kwamba unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kumegua ukingo wake pale unapopinda ukiwa unakatwa. Kutu nayo ni adui: tone la maji lililobaki ukingoni linatosha kuula ukingo kabla jicho halijaona doa lolote. Ndiyo maana wembe hukaushwa kwa kitambaa, huachwa wazi muda mfupi kabla ya kukunjwa, na hauwekwi bafuni penye mvuke. Anayekaa siku kadhaa bila kuutumia aupake mafuta mepesi ya madini. Utunzaji huu karibu hauna gharama, na hulinda wembe kuliko kitu chochote kinachouzwa kwa ajili hiyo.

Mkanda wa ngozi, kwa upande mwingine, ni gharama isiyoepukika. Bila mkanda wa kunyoosha ukingo hakuna kunyoa. Kabla ya kila kunyoa wembe hupitishwa mara 20 hadi 30 kwenye kitani au turubai, kisha mara 50 au 60 kwenye ngozi, kwenda na kurudi kukihesabiwa mara moja. Wembe hulazwa bapa, mgongo na ukingo vikigusa ngozi kwa pamoja, nao huvutwa mgongo ukitangulia. Ukifika mwisho wa mkanda, wembe hugeuzwa kwa kuviringishwa juu ya mgongo wake. Anayeugeuza juu ya ukingo ataikata ngozi, na karibu kila anayeanza huikata katika majuma ya mwanzo. Kwa sababu hiyo mkanda wa kwanza uwe wa bei ya chini, na mazoezi ya kugeuza yafanywe kwa kisu butu cha kupakia siagi. Kosa la pili halionekani: mkanda uliolegea hubonyea chini ya wembe, na ukingo huviringika badala ya kunyooka. Mtu hulaumu wembe, hununua mwingine, kisha huuharibu kwa mkanda uleule. Nadhani hapa ndipo fedha nyingi za wapenzi wapya zinapopotea.

Vinoo ni mtego mkubwa zaidi, hasa kwa kuwa vinavutia. Namba ya kinoo hupima chembe zake: ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi. Mfululizo kamili huanza na namba 1,000 ya kutengeneza ukingo, hupita 4,000 au 5,000 na 8,000, na kuishia 12,000 au jiwe la asili kama coticule kutoka Ubelgiji. Anayenunua vyote kwa mkupuo amelipia kazi ambayo wembe wake huenda usiihitaji kwa miaka. Wembe ulionolewa na mtu anayeijua kazi unahitaji tu kurudishiwa makali kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa anayenyoa kila siku, na hilo hufanywa na kinoo kimoja cha 12,000, au kwa mkanda mwingine uliopakwa unga wa kijani wa kunolea, yaani oksaidi ya kromu. Mkanda huo upitishiwe wembe mara 5 hadi 10 tu. Ukizidisha, ukingo unakuwa wa mviringo, na hapo utalazimika kurudi kwenye jiwe.

Upande wa utetezi una hoja nzuri hapa ambayo haisemwi vya kutosha. Kunoa wembe wa kukunja ni rahisi kuliko kunoa kisu cha jikoni, kwa kuwa wembe hubeba kipimo chake wenyewe. Ukiulaza bapa juu ya jiwe, unene wa mgongo na upana wa chuma huamua pembe ya ukingo, kwa kawaida karibu nyuzi 16 au 17. Hakuna cha kukisia. Kinachotakiwa ni mkono mwepesi, safu moja ya utepe wa mafundi umeme kwenye mgongo kwa asiyetaka uchakae, na jiwe lililo tambarare kweli. Jiwe likibonyea katikati lisawazishwe lenyewe kwanza kwa karatasi ya msasa iliyobandikwa kwenye kioo kinene. Ujuzi huu ukishapatikana, gharama za kila mwaka hukaribia sifuri.

Tatizo ni mwanzo. Wembe mpya ukitoka kiwandani mara nyingi hauko tayari kunyoa, hata kama kasha linasema uko tayari. Unakata unywele wa mkono lakini unavuta ndevu. Muuzaji anayeeleza nani aliunoa na kwa jiwe la namba gani anastahili kulipwa zaidi kuliko muuzaji wa mpini wa mapambo. Wembe wa zamani unaweza kuwa nafuu kuliko yote, ila ukaguliwe kwa makini: mashimo ya kutu karibu na ukingo hayaishi kwa kunoa, ukingo uliobonyea katikati huhitaji kazi ndefu, na mgongo uliochakaa upande mmoja umeshapoteza kipimo. Mipini ya seluloidi iliyozeeka huoza na kutoa hewa inayokila chuma chenyewe. Ya pembe za ndovu iachwe. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilifungwa kwa uamuzi wa mwaka 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Kuhusu ngozi, hoja za pande mbili zinakaribiana. Mashine ya nyembe nyingi huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, na kwa mwenye ndevu za kipilipili ncha hujikunja na kuchoma ngozi kutoka ndani. Ndivyo vipele vya kidevuni na shingoni vinavyoanza. Wembe wa kukunja una ukingo mmoja na mwelekeo wake uko mikononi mwa mnyoaji, hivyo anaweza kufuata uelekeo wa ndevu mara moja na kuacha hapo. Lakini faida hiyo inapatikana pia kwa mashine ya Gillette ya makali mawili, nayo hupotea kabisa kwa anayenyoa kinyume cha ndevu akitafuta ulaini wa shavu la mtoto. Pembe kati ya wembe na ngozi ikizidi nyuzi 30 hivi, wembe unakwangua. Ikipungua sana, unavuta. Majuma ya kwanza anayeanza anyoe mashavu tu, kidevu na juu ya mdomo amalizie kwa mashine. Kazi itachukua nusu saa, baadaye dakika 15. Wembe huu pia ni wa mtu mmoja. Hauchangiwi hata na ndugu, kwa sababu damu isiyoonekana hubeba virusi vya homa ya ini na Ukimwi.

Asiyejua kama mkono wake utaupenda mchezo huu ana njia ya kujaribu kwa gharama ndogo: mpini wa kinyozi unaopachikwa nusu ya wembe wa kutupa. Hauhitaji mkanda wala kinoo. Tahadhari ni kwamba wembe huo ni mwepesi na mkali kupita kiasi, hausamehe makosa kama wembe mzito wa kukunja, hivyo anayejikata siku ya kwanza asihukumu mchezo wote kwa jaribio hilo.

Wembe wa pili una sababu ya kweli: wa kwanza ukipelekwa kunolewa, kuna wa kunyolea. Zamani ziliuzwa seti za nyembe saba, mmoja kwa kila siku ya juma, na wengi bado huamini kwamba chuma kinahitaji kupumzika. Kinachohitajika ni ukingo kukauka, na hilo huchukua muda mfupi. Kuanzia wembe wa tatu mtu ananunua kwa ajili ya macho: ufuaji wa Thiers, Ufaransa, mpini wa pembe ya nyati, chuma kilichochongwa ubavuni kikawa chembamba hadi kinalia kikipitishwa kwenye ndevu. Ni furaha halali, na inastahili kuwekewa fungu lake katika bajeti, mbali na fungu la kunyoa.