Mwembe Haukuwa na Kosa

Wadau, kabla hamjaendelea kunitumia picha za mapanga, naomba nisimulie mwenyewe. Dulla, fundi mwenzangu, ameshatangaza toleo lake, na kwenye toleo lake nimeangusha mwembe mzima. Uongo mtupu. Lilikuwa tawi. Tawi kubwa, sawa, lile la kivuli cha walimu, lakini tawi.

Kazi yenyewe ilikuwa kushusha intaneti kutoka ukingo wa milima ya Usambara hadi shule moja huku tambarare, kwenye mkonge. Kilomita 24, gigahezi 5.8, madishi mawili yanayokuza signali kwa desibeli 30 kila moja (desibeli ndiyo kipimo cha nguvu yake). Dulla kule juu, mimi huku chini kwenye paa la maktaba. Hesabu nilishapiga usiku: signali itue kwenye hasi 55 hivi, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo signali ilivyo na nguvu. Nikazungusha dishi taratibu. Hasi 90, hasi 84, hasi 78. Nikapitiliza kidogo, ikadidimia. Nikarudi, ikapanda. Nikasema hapa ndipo, nikakaza nati kama nafunga zizi lenye chui nje.

Hasi 78. Desibeli 23 zimeyeyuka, na mtu mwenye akili angejiuliza zimekwenda wapi. Mimi nikaongeza nguvu ya redio hadi mwisho. Haikutosha, nikapanua chaneli, ile njia ya masafa redio inayopitia, ifike megahezi 80, yaani kikombe kimoja cha chai nikakimwaga kwenye sinia nikitegemea kitaongezeka. Kwenye simu ya video, Dulla akaganda mdomo wazi.

Ndipo nikauona mwembe.

Nikamwita mwalimu mkuu, nikachukua kijiti, nikamchorea mchangani eneo la Fresnel, ile nafasi mawimbi yanayohitaji kati ya dishi na dishi. "Mkuu, mawimbi hayaendi kama uzi. Yanakwenda kama muhogo: ncha nyembamba, katikati mnene. Katikati ya njia yetu, muhogo huu una mita 17 kila upande. Kikiingia kitu kikubwa humo, tumekwisha." Maneno ya kweli kabisa, hayo msiyaguse. Ila mwembe ulikuwa mita 50 tu kutoka kwangu, pale ncha ya muhogo haifiki hata mita 2, na tawi lilikuwa mita 3 chini ya mstari. Sikupima. Nilikuwa na kijiti na wasikilizaji, mnanijua.

Mama mpishi akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. "Fundi, una hakika?"

"Mama, hii ni fizikia."

Mlinzi akapanda na panga. Kidato cha pili wote madirishani. Tawi likalia krrr, likasita, nikadhani limeghairi, kisha likaja chini na maembe yake machanga, moja likaviringika polepole uwanjani hadi likagusa kiatu changu. Vumbi likatulia. Watu wote wakaniangalia. Nikaangalia simu.

Hasi 78.

Siyo 77. Hata ile moja ya kunifuta jasho haikupatikana.

Nikampigia Dulla, na kwa ujinga nikaweka spika. "Kaka, ulipozungusha ikashuka, ulifanyaje?" Nikamwambia nilirudi. Kimya. Halafu kicheko, kikateremka mlima kilomita zote 24 bila kupoteza desibeli hata moja.

Kwa msiojua: dishi lina mwali mkuu, na pembeni yake vijimwali vidogo, kila kimoja na kilele chake. Mimi nilipanda kichuguu nikasimika bendera ya Kilimanjaro. Dishi lilikengeuka digrii kama 8, na kwa umbali ule hiyo ni kilomita 3 na ushee. Mlima wa watu umekula intaneti siku nzima.

"Legeza nati," Dulla akasema, spika bado iko wazi, "zungusha mpaka ipotee kabisa, usirudi." Nikazungusha. Hasi 85. Hasi 92. Ikapotea. Mwalimu mkuu akakohoa. Nikaendelea, mikono inatetemeka. Hasi 70... 62... 56. Nguvu zaidi ya mara 150, kwa kusukuma dishi upana wa kiganja.

Mengine nikayamaliza haraka: nguvu chini, chaneli megahezi 40, umbali nikauandika 24 ili redio ingojee jibu la mwenzake kabla ya kudhani limepotea na kutuma upya. Megabiti 140 kwa sekunde. Wanafunzi walishangilia. Walimu walikuwa wanahamisha viti kufuata kivuli.

Jana wameniita tena, wanataka laini ya pili kutoka shule hadi zahanati. Nikampigia mama mpishi kumpa taarifa, shikamoo nikaitoa mara mbili.

"Marahaba, baba, karibu sana," akasema. "Panga nimeshaficha."