Anayesema "siwezi kutaja jina" hajakwepa swali

Picha iliingia kwenye simu jioni, imepigwa shambani Kabare: jani la hindi limetobokatoboka, na juu yake kitu cha rangi ya udongo, kichwa hakijulikani wala mkia. Chini yake maneno machache: "Papa, huyu ni mdudu gani?" Aliyeulizwa amesomea wadudu. Alijibu kwamba ni kiwavi wa nondo, zaidi ya hapo hawezi kusema mpaka aone kichwa. Katika kundi letu la wakulima wa kandokando ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, jibu hilo lilichekwa. Miaka yote ya shule, halafu "siwezi kusema"? Kijana mmoja akaipitisha picha ileile kwenye programu ya simu, na muda si muda jina la Kilatini likatoka, maneno mawili kamili.

Waliocheka wana hoja, na nisiifiche. Kiwavijeshi vamizi alipoingia Afrika mwaka 2016, wataalamu hawakutosha kutembelea mashamba yote, na simu zilikuwa tayari mikononi mwa wakulima. Huyo bahati nzuri anatambulika kwa picha: usoni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Programu ya Nuru, iliyotolewa 2018 na PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inakagua mihindi hata pasipo intaneti, jambo kubwa kwa mtu ambaye mega zake zimekwisha tangu Jumatatu. Mkulima anayengoja agronomu afike atavuna mabua. Hilo halina ubishi.

Ila kiwavi huyo ametuharibia mazoea. Kwa kuwa yeye amebeba kitambulisho usoni, tunadhani wadudu wote wanacho.

Chukua kipepeo wa rangi ya chungwa anayeruka bila haraka, Danaus chrysippus. Ni mchungu, ndege akimwonja hana hamu ya kumrudia. Jike la Hypolimnas misippus si chungu, lakini limevaa vazi lilelile na linapata heshima ileile. Pa kuwatofautishia ni bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne, mwigaji ana moja tu, karibu na ukingo. Picha ikilikata bawa hilo, umebaki na kubahatisha.

Huyo ni kipepeo, mkubwa na wa kuonekana. Mbu je? Anopheles, mbu wa malaria, akitua ukutani huinua makalio, mwili umekaa mshazari. Culex, mbu wa aina nyingine, hulala sambamba na ukuta. Kwa hiyo picha nzuri ya simu inaweza kukufikisha kwenye Anopheles, na hapo inaishia. Anopheles gambiae na ndugu zake ni kundi la spishi ambazo hata mwenye hadubini hazitenganishi. Hutenganishwa kwa DNA, maabarani. Na ndugu hao hawana tabia moja. Gambiae mwenyewe anapenda damu ya mtu, na huuma usiku ndani ya nyumba. Arabiensis anauma ng'ombe pia, na mara nyingi nje, ambako chandarua hakimfikii. Anayekutajia spishi kwa picha ya mbu aliyetua kwenye pazia anakupa jina ambalo picha yenyewe haina.

Linaloniuma zaidi ni safari ya jina lenye kosa. Kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, picha hupanda daraja la kutumika kwa utafiti ikiwa zaidi ya theluthi mbili ya waliotaja jina wamekubaliana, na watu wawili wanatosha. Wa kwanza ni mpiga picha aliyebonyeza pendekezo la mashine. Wa pili ni rafiki yake anayeiamini mashine. Hakuna aliyemtazama mdudu! Kutoka hapo rekodi inaweza kuingia GBIF, hazina ya takwimu za viumbe yenye makao Copenhagen, na kuwa nukta kwenye ramani: spishi fulani ipo Kivu ya Kusini. Wakati huohuo picha hiyo inaweza kurudi kuifundisha mashine, nayo ikampendekezea mwingine jina lilelile kwa ujasiri zaidi. Tena mashine inajifunza tu spishi zenye picha za kutosha. Wadudu wetu wengi hawamo, kwa hiyo inachagua katika wale inaowajua, kama mwalimu aliyepewa majina kumi ya kuitia wanafunzi mia.

Kwa haki niseme kwamba iNaturalist mara nyingi huanza na jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ni sisi tunaokimbilia spishi. Na mtu mmoja akipinga wawili, daraja linashuka. Sawa. Lakini nani apinge? Kwa makundi mengi ya nzi na nyigu wa Kongo, wanaoyajua ni wa kuhesabu kwa vidole, na mara nyingi mdudu halisi aliyepewa jina kwanza amechomwa pini kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Lwiro, kituo cha utafiti karibu na Bukavu, kuna mkusanyiko tangu enzi za IRSAC, taasisi ya utafiti ya wakati wa ukoloni iliyoundwa 1947, lakini kuutumia kunataka mdudu mkononi: kuhesabu mishipa ya bawa, pengine kupasua sehemu za uzazi. Picha haipasuliwi.

Ndiyo maana sikucheka. "Kiwavi wa nondo" lilikuwa jibu kamili la picha ile. Na lilikuja na maelekezo: piga kichwa kwa karibu, kisha ubavu, onyesha mmea, andika kijiji na tarehe, na kwa kuwa sarafu hatuna, weka kalamu ya biki kando ili ukubwa uonekane.

Picha ya pili ilifika kesho yake asubuhi, biki ya bluu pembeni. Y ilionekana, na madoa manne pia. Jina la programu lilikuwa la nondo mwingine kabisa.