Nusu Kichwa, Ngoma Nzima

Nimevaa kofia. Msiniulize, nitasema mwenyewe.

Leo alasiri tunakwenda kumposea mpwa wangu, na mshenga ni mimi. Mshenga hawezi kwenda ukweni na nywele kama fagio la chelewa, kwa hiyo saa tatu asubuhi nikawa kwenye kiti cha kinyozi wangu, nimefungwa kitambaa shingoni, nimetulia kama mheshimiwa.

Kafika katikati ya kichwa, akazima mashine. Ngoma mpya imeachiwa. Ya mdogo wake, ambaye kumbe yupo pale pale kwenye benchi, kavaa miwani ya jua ndani ya kibanda.

"Anko, wewe mtu mzima, sikiliza halafu sema ukweli."

Wembe anao yeye, shingo ninayo mimi, ukweli uanzie wapi?

Dakika nzima ya kwanza hakuna anayeimba, watu wanatajana majina tu. Prodyuza katajwa, studio imetajwa, hadi mwenye gari lililoazimwa kwenye kichupa katajwa. Kisha likaingia lile dundo la amapiano, la Afrika Kusini, ambalo siku hizi hata tangazo la dawa ya mende linalo. Chupa ya spiriti ikaanza kutembea mezani. Ndipo kijana akaimba: "Beibe, nakupenda kama chipsi mayai." Nikasubiri mstari wa pili. Mstari wa pili ulikuwa "beibe".

"Umeionaje, anko?"

"Ujumbe upo," nikasema kwa heshima zangu zote.

Msanii akavua miwani. "Ujumbe gani?"

"Wa... chipsi."

"Hilo ni fumbo, anko. Chipsi siyo chipsi."

"Ni nini sasa?"

"Inategemea na msikilizaji."

Hapo nikateleza, nikamtaja Profesa Jay, yule mwanarap mkongwe. Nikasema mwaka 2001 mtu anakuletea "Ndio Mzee", mgombea anaahidi maajabu, watu wanaitikia, unacheka huku unajikuna maana mbunge wako unamjua. Na mwenyewe mwaka 2015 akaenda kuwa mbunge wa Mikumi kweli!

"Mwaka 2001 nilikuwa sijazaliwa," akasema msanii, kama vile niliyemchelewesha ni mimi.

Wa bodaboda aliyekuwa akisubiri zamu yake akadai hizo zote ni nyimbo za wagonjwa, yeye anataka singeli ya Manzese, mapigo 200 na ushee kwa dakika. Huyo nimewahi kumpanda. Anaendesha hivyo hivyo.

Basi ikarudiwa, ikarudiwa tena, na ya nne ilipoanza, wenyewe wakakata umeme. Saa nne kamili. Mashine kimya, feni kimya. Spika je? Spika ina betri.

"Beibe."

"Anko, rudi jioni," kinyozi akaniambia, "upande huu hauonekani sana."

Upande gani wa kichwa hauonekani? Nimezaliwa nacho hiki kichwa, sijawahi kuona upande wa uani! Na bado msanii kanifuata hadi mlangoni, nifungue simu nimtazame YouTube, nibonyeze na kengele. Bando langu la kubembeleza, nililolinunulia mawasiliano ya posa, likaishie kwenye chipsi za mtu? Na mtangazaji wa redio naye ataipiga wiki nzima akisema ni moto. Kwake kila kitu ni moto, labda yuko jikoni.

Tena chipsi mayai zenyewe siku hizi, yai linapakwa kama losheni. Juzi nimeomba kachumbari, muuzaji kaniangalia kama nimemkopa. Eti nyanya zimepanda. Nikampa pole, nikala kavu.

Sasa mwenye balaghashia nyeupe ya kuniazima hadi saa moja usiku anitafute. Hii niliyovaa ni ya mwanangu, imeandikwa Simba mbele na nyuma, na baba mkwe mtarajiwa nasikia ni Yanga wa kuzaliwa.