Nashuka, Nashuka: Maelezo Yangu Kuhusu Mteremko wa Kiboswa

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuisambaza kwa namna yake, pamoja na video, habari ya jinsi nilivyowafanya abiria wakimbie gari la matatu kwenye mteremko wa Kiboswa, karibu na Kisumu, na kwa kuwa tangu Jumamosi nimepokea jumbe za pole kutoka kwa watu ambao hata siku ya harusi yangu hawakunitumia salamu, naona ni haki yangu kueleza yaliyotokea kama yalivyoonekana kutoka kwenye kiti changu. Hakuna mtu aliyeruka dirishani. Yule mzee mwenye kofia alitoka kupitia mlangoni kama abiria wengine, ila alitoka kwa kasi ambayo hata yeye mwenyewe hakujua kwamba bado anayo. Sikuwa nimelewa, sikuwa nimepandwa na mashetani, wala sikuwa nikihubiri. Nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani.

Mnaonifahamu mnajua kwamba nimepiga picha za harusi miaka mingi nikiwa nimesimama juu ya viti vya plastiki, juu ya matangi ya maji, na mara moja juu ya paa la choo, nikitafuta picha ya kutoka juu. Mwaka huu niliamua kutafuta leseni ya kurusha kibiashara droni, ile ndege ndogo ya rimoti inayobeba kamera, nikidhani kwamba mtu hununua droni, hubonyeza kitufe, na bibi harusi hulia kwa furaha. Kumbe kabla ya kugusa rimoti kuna nadharia, na nadharia hiyo ina sheria za anga, hali ya hewa, tabia za betri, na mawasiliano ya redio. Chini ya kanuni za Kenya za mwaka 2020, huruhusiwi kupita futi 400 kutoka ardhini, yaani takriban mita 120, wala kusogea chini ya mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika nawe, wala kurusha ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege bila idhini. Hilo la mwisho lilinichoma moyo, kwa sababu uwanja wa ndege wa Kisumu uko karibu na mji kiasi kwamba karibu kila bustani ya harusi ninayoitegemea kwa chakula imo ndani ya duara hilo.

Kisha kulikuwa na suala la saa. Taarifa za hali ya hewa za marubani huandikwa kwa saa ya Zulu, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa sita ya Zulu ni saa tisa kwenye simu yako, nayo saa tisa ya kwenye simu yako ni saa tatu asubuhi kinywani mwa mama yangu. Niliishi na saa hizo tatu kwa mwezi mzima, na mke wangu akaacha kuniuliza nitarudi saa ngapi.

Lakini swali lililonishinda kabisa, na ambalo ndilo chanzo cha aibu hii, lilikuwa la mteremko. Mwalimu alituuliza: umesimama kwenye ukingo wa mlima, droni yako iko futi 380 juu yako, nawe unaipeleka mbele moja kwa moja juu ya bonde bila kuipandisha hata kidogo, je, umevunja sheria? Nilijibu hapana mara tatu katika mazoezi matatu tofauti, kwa kujiamini kulekule. Jibu ni ndiyo, kwa sababu kimo hupimwa kutoka kwenye ardhi iliyo chini ya droni, si kutoka kwenye viatu vyako, na ardhi inapoporomoka chini yako unakuwa mhalifu bila kugusa chochote. Dawa yake ni kushuka kadiri bonde linavyoshuka, huku ukimtangazia kwa sauti msaidizi wako anayeifuata droni kwa macho: nashuka.

Nawaomba mlishike neno hilo, kwa sababu mengine yote ni maelezo tu.

Nilikuwa nimejirekodi kwenye simu nikisoma maswali kwa sauti ya mwalimu, na baada ya kila swali nikaacha nafasi ya kujibu. Kwa vile Kiingereza cha vitabuni kilikuwa kinanitoka kichwani kama maji kwenye kikapu, nilikuwa nimeyatafsiri majibu yote kwa Kiswahili, na sikuona hatari yoyote katika jambo hilo. Jumamosi mchana, siku mbili kabla ya mtihani, mimi na rafiki yangu tulipanda matatu pale Chavakali kwenda Kisumu kudurusu pamoja na wenzetu. Yeye alikaa kiti cha nyuma kabisa, mimi nikakaa katikati, kando ya mama mmoja aliyekuwa na mkungu wa ndizi kati ya magoti. Niliweka vipokea sauti masikioni, nikafumba macho, nikaanza kudurusu. Kutoka Chavakali hadi Majengo nilijibu kimyakimya, kwa kumbukumbu zangu. Kumbukumbu za rafiki yangu zinasema vingine.

Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba ukishapita Kiboswa nchi inafunguka ghafla: ziwa linaonekana mbele, Kisumu imelala chini, na gari linaanza kuteremka kuelekea Mamboleo huku kila abiria, hata asiye na dini, akiwa na mazungumzo mafupi na Mungu wake kuhusu breki. Nami nilifumbua jicho moja, nikaona bonde, nikafurahi mno, kwa sababu lile swali langu lilikuwa limelala pale dirishani likiwa zima. Nikalifumba tena jicho. Sauti yangu mwenyewe ikaniuliza masikioni: umepita ukingo, ardhi inaporomoka, utafanya nini?

“Nashuka,” nikajibu.

Kondakta akagonga paa mara mbili. Gari likasimama kando ya barabara, mlango ukafunguliwa, watu wakatazamana, hakuna aliyeshuka. Mimi sikujua lolote. Nilihisi gari limetulia nikadhani ni foleni. Mlango ukafungwa, tukaondoka, na mita kama mia mbili mbele sauti ikaniambia kwamba kimo bado kimezidi.

“Nashuka zaidi,” nikasema. “Nashuka, nashuka!”

Paa likagongwa tena mara mbili. Gari likasimama tena. Nimeambiwa kwamba hapo dereva alitoa kichwa nje na kuuliza kama kuna mtu anayemchezea, na kwamba kondakta aliapa kwa jina la nyanya yake kwamba amesikia mtu akisema anashuka, tena kwa haraka. Nimeambiwa pia kwamba rafiki yangu, ambaye mkono wake ulikuwa umbali wa shubiri moja kutoka begani kwangu, aliutumia mkono huo kutoa simu mfukoni.

Sasa tukawa katikati ya mteremko wenyewe, gari likishuka kwa gia nzito na injini ikilia, na rekodi yangu ikafika kwenye sura ya dharura. Hali ilikuwa hii: upepo wa kutoka ziwani umeongezeka, betri imebaki kidogo, na mawasiliano kati ya rimoti na droni yamekatika. Nilikuwa nimejiambia kwamba dharura haijibiwi kwa unyonge, kwamba lazima rubani aseme kwa sauti ya kusikika na kuaminika. Nikavuta pumzi na kusema, kwa namna iliyosikika na kuaminika kuliko kitu chochote nilichowahi kusema maishani:

“Haishikiki! Haitii amri! Inakwenda yenyewe! Watu wote waondoke!”

Nikizitazama sasa sekunde zilizofuata, kwa msaada wa ile video, naona jinsi zilivyopangwa vizuri na shetani. Kwanza yule mama aliukumbatia mkungu wake wa ndizi, kisha akauachia, kisha akanikumbatia mimi, nami nikadhani barabara ina shimo. Mtu fulani mbele akaanza Baba Yetu akaishia kwenye mkate wetu wa kila siku. Dereva, ambaye breki zake zilikuwa nzima na ndiye pekee ndani ya gari aliyekuwa na ushahidi wa jambo hilo, naye aliacha kuziamini. Akalitupa gari kando, akavuta breki ya mkono, akazima injini, na mlango ukafunguka kabla gari halijatulia vizuri. Abiria wakatoka kwa mpangilio ambao sijawahi kuuona kwenye matatu: mzee mwenye kofia, mwenye Baba Yetu, wasichana wawili, mama wa ndizi, na wengine. Kondakta akaweka jiwe chini ya gurudumu. Rafiki yangu naye akatoka, ili apate picha nzuri zaidi kutokea nje.

Mimi nikabaki. Nikabaki peke yangu ndani ya gari la abiria kumi na wanne, macho yamefumbwa, mkono wa kushoto umeinuliwa kidogo kana kwamba umeshika rimoti, nikimalizia zoezi. Sura ile haikuhitaji kabisa neno ninaloenda kulitaja, lile la marubani la kuomba msaada, maana droni iliyopotea hutolewa taarifa kwa mnara wa uwanja wa ndege kwa utulivu, lakini nalipenda tangu utotoni na nilikuwa nimeliongeza mwenyewe.

“Mayday,” nikasema. “Mayday. Mayday.”

Kukawa na ukimya, na ukimya huo ndio ulionifumbua macho. Mbele yangu kulikuwa na viti vitupu na mkungu wa ndizi. Nje ya kila dirisha kulikuwa na uso. Nyuma ya nyuso hizo kulikuwa na waendesha bodaboda wanne waliosimama kutazama ajali, na nyuma yao ziwa, limetulia, halina habari. Nilitoa kipokea sauti kimoja sikioni polepole, kama mtu anayevua kofia msibani.

“Kijana,” mzee akasema kupitia dirishani, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuelewa, “Mei Dei ya wafanyakazi ilishapita.”

“Shikamoo mzee,” nikasema, kwa kuwa sikupata kingine.

Kondakta alisogea hadi mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili, akanitazama kwa muda ambao kwa saa ya Zulu au saa nyingine yoyote ulikuwa mrefu. “Kaka,” akasema, “unashuka ama hushuki?”

Nami, kwa kuwa rekodi ilikuwa bado inaendelea kwenye sikio la pili na ndiyo kwanza ilikuwa imeniuliza kuhusu hatua ya mwisho, nikamjibu: “Nimeshatua.”

Hapo ndipo mama wa ndizi aliponiuliza kwa upole kama nimekula tangu asubuhi. Ninyi mnaocheka, chekeni kwa mengine yote, lakini hili mniachie.

Mengine si ya kurefusha. Nilieleza, hawakunielewa, nikaonyesha madaftari, dereva akasema madaftari hayo yachomwe. Nikalipa nauli mara mbili, nikashuka kweli, nikatembea hadi Mamboleo kwa miguu huku waendesha bodaboda wakinipita na kupiga honi. Rafiki yangu aliendelea na safari kwenye kiti changu, na nilipofika kwenye kudurusu kila mtu alikuwa amekwisha kuitazama video.

Mtihani ulikuwa jana. Niliketi mbele ili nisimwone mtu. Swali la mteremko lilikuwepo, nikalijibu ndiyo na kulipigia mstari. Nilipofungua ukurasa uliofuata nikakuta swali la hatua za kuchukua mawasiliano yanapokatika, nikainamisha kichwa kuandika, na katika ukimya wa chumba kile chenye watu ishirini, mtu fulani nyuma yangu akagonga meza mara mbili.