Anza na saa ya kuamka, si saa ya kulala

Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa raha, huambiwa mambo mawili: fanya mazoezi, lala mapema. Hilo la pili mara nyingi humzidishia mzigo. Anapanda kitandani saa 3 usiku bila usingizi, anageuka-geuka akiwaza hadi saa 7, na baada ya wiki chache kitanda chenyewe kinamkumbusha mawazo.

Kinachofaa kushikwa kwanza ni saa ya kuamka. Chagua moja, tuseme saa 12 asubuhi, uishike hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Hamu ya usingizi hujilimbikiza kadiri unavyokaa macho, na mwanga wa asubuhi ndio unaopanga saa ya mwili, kwa hiyo toka nje mapema. Usiku ukifika, panda kitandani pale tu unaposinzia. Ukikaa macho kama dakika 20, inuka, kaa kitini kwenye mwanga hafifu, bila simu, urudi ukisinzia. Kahawa na chai ya rangi ziishie saa 8 mchana, maana baada ya muda wa takriban saa 5, nusu ya kafeini, kichangamsho kilichomo, bado imo mwilini.

Kisha kuna suala la kukaa mno bila mazoezi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Psychiatry, wenye watu zaidi ya 190,000, ulikuta kuwa waliofikia nusu tu ya mazoezi yanayopendekezwa walikuwa na hatari ya sonona pungufu kwa asilimia 18; waliofikia kiwango kizima, asilimia 25. Nusu hiyo ni sawa na dakika 15 za kutembea haraka, siku 5 kwa wiki: mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayetoka ofisini Posta akakaa tena kwenye foleni hadi Mbagala, kushuka vituo viwili kabla ya nyumbani kunatosha.

Wengi hukwama kwa kusubiri hamu, ilhali sonona huiua hamu hiyohiyo. Basi tembea dakika 5 bila hamu, na mwenye sonona usimwite mvivu, tafadhali.

Huzuni au kukosa raha kukidumu wiki 2, nenda kituo cha afya. Mawazo ya kujiua yakija, nenda siku hiyohiyo, na mtu wa kukusindikiza. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Zikikunyima usingizi, mwombe daktari abadili saa ya kuzimeza.