Ujira Mdogo, Spea Ghali: Tujitengenezee Magari Kuukuu?

Wanaotetea kujitengenezea gari nyumbani huanza na ujira wa fundi: utauokoa, wanasema. Kwa Uganda hoja hiyo haina mashiko. Hapa ujira ndio sehemu ndogo ya gharama, kinachomaliza mfuko ni spea. Fundi wa Ndeeba au Katwe, mitaa ya gereji Kampala, atakubadilishia pedi za breki kwa pesa isiyokufikisha mbali kwenye duka la spea, na atamaliza kabla hujaipata ile spana namba 14 iliyopotelea chini ya kiti. Anayehesabu saa na shilingi tu, apeleke gari gereji, asihangaike.

Hata hivyo nawaunga mkono wanaochafuka oili uani kila Jumamosi, kwa sababu nyingine. Kinachotugharimu gereji ni ubashiri. Chukua Toyota Corona au Carina ya miaka ya tisini, imekwama kwenye jamu Mukono na mshale wa joto unapanda. Likipokewa gereji kwa haraka, gari hilo litaandikiwa rejeta, kisha pampu ya maji, kisha hedi ya injini ifunguliwe, na kila hatua ina spea yake. Mwenye gari anayelijua anaweza kuuliza kwanza: linachemsha wakati gani? Likichemsha kwenye jamu na kupoa likianza kukimbia, shaka kubwa iko kwenye feni: mota yake, fyuzi, relei au swichi ya joto. Likitulia mjini lakini likachemsha kwenye milima ya Kabale, huenda rejeta imeziba au maji hayazunguki ipasavyo. Na kabla ya yote hayo kuna kifuniko cha rejeta, kinachoshikilia presha ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira wake ukichoka, presha inatoroka na maji nayo. Ni kitu cha bei ndogo kabisa, ndiyo maana huwa cha mwisho kutajwa.

Ubashiri mbaya kuliko wote ni ule wa kung'oa themostati. Utaambiwa kwa sauti ya uhakika kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi, Uganda hakina kazi. Si kweli. Kwenye magari hayo hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kazi yake ni kuifikisha injini upesi kwenye joto linaloifaa na kuiweka hapo. Ikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu, hunywa petroli zaidi na huchakaa mapema. Kuing'oa ni kazi ya dakika chache. Hasara yake unailipa kituo cha mafuta mwaka mzima.

Tena magari ya umri huo hayafichi maradhi. Toyota nyingi za wakati ule zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyomweka kwenye dashibodi. Mara mbili, kimya kidogo, mara mbili tena: hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji au waya wake. Hakuna kompyuta wala ada ya kupima.

Lakini anayekuambia ni raha tupu hajawahi kukatikiwa na boliti. Iliyokaa na kutu miaka ishirini hukatika shingo ndani ya injini, na kazi ya asubuhi moja inageuka ya wiki. Mwenye nyumba ya kupanga analalamika madoa ya oili uani. Oili chafu yenyewe huna pa kuipeleka, na ukiimwaga mtaroni katikati ya Kampala itafuata mfereji wa Nakivubo hadi Ziwa Victoria, ambako ndiko tunakochota maji ya bomba.

Karaha kubwa, kwa maoni yangu, ni spea bandia. Ukibadilisha kitu na tatizo likabaki, hujui kama ulikosea ugonjwa au uliuziwa dawa feki. Muuzaji anakuapia, "Ssebo (bwana), hii ni Japani yenyewe," na boksi linang'aa. Fundi aliyeshika spea kama hiyo mara nyingi anaitambua kwa uzito na chapa zake; wewe unaiona kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana pale Kisekka, soko la spea Kampala, wako wanunuzi wanaoona heri spea halisi iliyotumika Japani kuliko mpya ya boksi.

Kwa hiyo mpaka kati ya kazi yangu na ya fundi uwe wapi? Mimi naupima kwa swali moja: nikikosea, nitajua lini? Gasketi ya kifuniko cha valvu ikivuja, nitaona oili kesho asubuhi. Breki nikizifunga vibaya, nitajua kwenye mteremko. Basi plagi, oili, rejeta, altaneta na uchunguzi wote viwe vyangu. Breki na usukani viguswe na anayezijua. Na hakuna kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake juu ya maramu, wala lililokalia matofali, kwa sababu tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Wenye magari wengi Kampala wana njia ya kati: wanamwita fundi nyumbani, wananunua spea naye, kisha wanasimama pembeni akifanya kazi. Naiona ndiyo bora, ilimradi mwenye gari awe ameshauchunguza ugonjwa mwenyewe. Asipofanya hivyo, amehamisha tu gereji kuileta uani.

Hesabu hii itabadilika. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 2018 yalipiga marufuku kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Ukilinganisha na Kenya, ambako kikomo ni miaka 8, bado tumeacha mlango wazi, lakini Corona za miaka ya tisini hazipiti tena. Zilizopo zikipungua barabarani, wauza spea watajaza rafu zao vifaa vya magari mapya zaidi. Anayekusudia kubaki na Corona yake heri anunue distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, ya akiba sasa, hata kama iliyopo haijamsumbua.