Kukariri rangi za vifuniko hakutoshi

Kuna majibu ambayo yakitoka kwenye mashine, mtu wa maabara hana haja ya kumtazama mgonjwa ili ajue yamekosewa: potasiamu 9, kalsiamu chini ya 1, ALP (kimeng'enya cha ini na mifupa) karibu na sifuri. Mgonjwa mwenyewe yuko benchi anapiga soga. Hapo damu ya mrija wenye kifuniko cha zambarau imemiminwa kwenye mrija wa kifuniko chekundu ulioonekana haujajaa.

Mrija wa zambarau una EDTA, kemikali ya kuzuia kuganda, yenye potasiamu. Inanasa kalsiamu ili damu isigande, lakini haichagui. Zinki na magnesiamu nazo zinanaswa. ALP ni kimeng'enya kinachotegemea madini hayo mawili. Kimeng'enya bado kimo kwenye sampuli, ila mashine haikihesabu, inapima kasi ya kazi yake. Ukikinyang'anya kofakta zake, yaani madini hayo yanayokiwezesha kufanya kazi, kasi inakufa. Potasiamu iliyozidi, nayo, imetoka kwenye mrija.

Bluu, mwekundu, kijani, zambarau, kijivu: wachukua damu wengi wanaukariri mpangilio huu wa kujaza mirija kama wimbo. Sina ugomvi nao, ila hausemi lolote kuhusu kumimina. Anayeijua kofakta hamimini.

Kijivu ndicho kinachoaminiwa kupita kiasi. Seli za damu zikiachwa mezani hula sukari, takribani asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na joto likipanda zinakula zaidi. Floraidi iliyomo humo, ikishirikiana na fosfeti, hung'ang'ania magnesiamu ya enolasi, kimeng'enya kimojawapo cha kuvunja sukari, na kuizuia kazi. Tatizo ni kwamba enolasi iko hatua ya 9 kati ya 10 za kuvunja sukari. Hatua za mwanzo zinaendelea kuila kwa saa moja, hata mbili au zaidi, kabla breki haijashika. Kwa hiyo sampuli ya kutoka Bahi au Chamwino, iliyopanda bodaboda mchana wa Oktoba kuja Dodoma mjini, haiokolewi na kifuniko cha kijivu peke yake. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, iweke kwenye boksi la barafu, plazma (sehemu ya majimaji ya damu) itengwe na seli ndani ya dakika 30. Vikikosekana barafu na mashine ya kutenganishia, afadhali glukometa, kile kipima sukari cha mkononi, hapohapo zahanati.

ALT, kimeng'enya kinachopimwa kujua hali ya ini, nayo ina kofakta yake: vitamini B6 iliyogeuzwa mwilini. Mgonjwa wa TB anayetumia dawa ya isoniazidi bila kupewa piridoksini (vidonge vya B6) anaweza kupungukiwa nayo, na ALT ikasomeka chini kuliko ilivyo. Baadhi ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimeongezwa B6 hiyo, vingine havina. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi la vitendanishi kabla ya kumwambia daktari kuwa ini liko salama.